Mvua Isiyoonekana Kutoka Mjini

Mama yangu hakuwahi kuielewa vizuri kazi yangu. Alijua napeleka wageni mtoni na kwamba tunarudi tumelowa. Siku nilipomweleza kuwa tunafunga kamba kwenye mwamba juu ya poromoko, tunavaa mikanda kiunoni na kofia ngumu kichwani, kisha tunateremka mmoja mmoja ndani ya maji hadi chini, na kwamba tunafanya hivyo poromoko moja baada ya jingine mpaka korongo linapofunguka, aliniuliza, "Kwani njia ya kupita juu imefungwa?"

Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa akiniambia kama niende au nisiende.

Nyumba yetu iko Old Moshi, juu kabisa, karibu na pale migomba inapokoma na msitu unapoanza. Mimi naishi mjini, Pasua. Asubuhi nzuri, ukisimama nje ya geti letu, unauona mlima wote hadi theluji, na watu wanaofungua maduka yao wanasema leo hali ya hewa safi. Lakini theluji hainihusu. Kinachonihusu ni ule msitu uliozunguka kiuno cha mlima, maana huko ndiko mvua inakokaa. Pasua jua linaweza kuwaka hadi mbwa wakajificha chini ya magari, na wakati huohuo msituni mvua inamwagika. Maji yale yanaingia kwenye vijito, vijito vinaingia mtoni, na mto unaingia kwenye korongo letu, ambalo mahali pengine ni jembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ukiwa humo ndani huoni wingu. Unachoona ni kipande kirefu cha anga, chembamba kama utepe, na kelele za maporomoko zinakuziba masikio. Mafuriko yakija, yanakuja huku utepe ule bado ni wa bluu.

Kwa hiyo kila asubuhi ya safari nilimpigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado. Mlima ukoje?"

Kila mara alitoka kwanza. Nilisikia kandambili zake zikipita uani, nikasikia ng'ombe akimlalamikia, halafu kimya. Hapo nilijua amefika kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili unaoleta maji ya msituni hadi kihambani, shambani kwetu kwenye migomba. Aliyatazama yale maji, akatazama juu, akasikiliza. Ndipo akasema. Kama maji yalikuwa meupe na msitu umejifunua, alisema, "Nenda, ila urudi mapema." Kama hakupenda alichokiona, alisema, "Leo kaa nyumbani ufue."

Siku moja alipiga yeye. Tulikuwa tumeshavaa mikanda, tumesimama na wageni kwenye ukingo pale tunapoingilia, jua linatuchoma mabegani. Nikapokea, nikasikia sauti yake ikiwa juu kuliko kawaida. "Umeingia? Usiingie. Mto unanguruma huku." Tukarudi nyuma tukapanda juu ya mwamba. Hatukukaa sana. Kwanza ulikuja upepo kutoka ndani ya korongo, upepo baridi wenye harufu ya udongo, na baada yake yakaja maji, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi na migomba mizima na ubao wa daraja la watu fulani. Pale tulipokuwa tumesimama palifunikwa. Mgeni mmoja alianza kucheka, akashindwa kujizuia, akacheka hadi akalia.

Nilipompigia mama jioni kumwambia, alisema, "Si nilikwambia." Kisha akauliza kama nimekula.

Alifariki wakati wa masika, mwaka ambao mvua ilichelewa kisha ikaja yote kwa pamoja. Aliugua kwa muda mfupi, hakutusumbua, kama alivyokuwa akiomba kila mara kanisani asije akamsumbua mtu. Tulimzika kihambani karibu na baba, na kwaya yake iliimba chini ya miamvuli. Kaka yangu alirudi Mwanza kwenye kazi yake. Ng'ombe alichukuliwa na mama jirani, ambaye ndiye aliyejitolea kumkamua siku zote za msiba. Nyumba tukaifunga, ufunguo nikabaki nao mimi, kwa kuwa mimi sina mume wala mtoto wa kuniweka mbali.

Baada ya hapo nikaanza kuutegemea utabiri kama watu wengine wote. Kwenye simu, jina la Moshi lilikuwa na picha ya jua na kiwingu kidogo kinachochungulia nyuma yake, na picha hiyo haikubadilika sana mwaka mzima. Redio ilisema mvua itanyesha katika baadhi ya maeneo. Nilikuwa nakaa na kikombe changu cha chai nikijiuliza, baadhi ya maeneo ni wapi? Kosa halikuwa la picha wala la redio. Zilikuwa zinazungumza na kila mtu. Mama alikuwa anazungumza na mimi.

Mwezi wa kumi na moja alinitafuta mzee mmoja wa Dar es Salaam, fundi cherehani. Mke wake alifariki binti yao akiwa bado mdogo, akamlea mwenyewe, dukani, katikati ya vitambaa. Sasa binti alikuwa anasafiri kwenda masomoni ng'ambo, na kabla ya kupanda ndege alitaka kitu kimoja tu: ashuke korongo kwa kamba na baba yake. Aliona video mahali fulani. Nilikutana nao mjini siku moja kabla ya safari ili niwapime mikanda. Binti aliniamkia, akavaa mkanda wake bila kusaidiwa, akaanza kumfunga baba yake huku akimtania.

"Baba, usije ukakimbia."

"Nikimbilie wapi, na wewe ndiye uliyebeba viatu vyangu?"

Walicheka, lakini nilipomkaza mkanda yule mzee niliiona mikono yake. Mikono ya fundi, inayoweza kutia uzi kwenye sindano bila miwani, ilikuwa inatetemeka.

"Siku nyingine hatuna," aliniambia binti aliposogea. "Kesho kutwa tunarudi Dar, halafu ndiyo ameondoka."

Asubuhi yake niliamka giza halijaisha vizuri. Nikatazama simu: jua, na kiwingu kinachungulia. Nikatoka hadi getini. Mlima ulikuwa wazi juu, lakini kiunoni palikuwa na kitu cha kijivu, sikuweza kujua ni wingu au ni alfajiri tu. Nilikuwa nawaza hivyo, na vidole vyangu vikafanya vilivyozoea. Nilishtukia simu inaita, na kabla sijaikata, ikapokelewa.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito ya usingizi. Kumbe namba ya mama ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Ningeweza kusema samahani nimekosea namba. Sijui kwa nini nilisema, "Samahani dada. Nilikuwa naulizia mvua."

"Mvua?" Nikamsikia akijinyanyua kitandani. "Huku Kahama hatujaiona. Mahindi yanatukaukia. Huko kwenu ipo?"

"Sijui. Ndicho nilichokuwa naulizia."

"Basi Mungu awajalie," alisema, kwa upole kabisa, kana kwamba watu humpigia kila alfajiri kumuuliza hivyo.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango, simu mkononi. Sikulia. Nilihisi tu jinsi chumba kilivyokuwa kimya nyuma yangu. Kisha nikavaa koti, nikamwamsha dereva wa bodaboda wa pale kona, nikamwambia anipeleke nyumbani kwa mama.

Nilikuwa sijafika tangu tufunge nyumba. Majani yalikuwa yamefika kwenye ngazi, na mgomba mmoja ulikuwa umeangukia uani na mkungu wake. Mama jirani alikuwa zizini kwake, anamkamua ng'ombe wetu. Nilimwamkia, akafurahi kuniona, akataka kunimiminia maziwa. Nikamuuliza kama usiku kumenyesha huko msituni.

"Mwanangu, mimi nikilala nimelala," alisema. "Hapa haijanyesha. Kwani kuna nini?"

Alikuwa hana sababu ya kujua. Hana mtoto anayeingia korongoni. Nilimshukuru, nikashuka hadi kwenye mfongo, nikachuchumaa pale alipokuwa akichuchumaa mama.

Maji hayakuwa meupe. Lakini pia hayakuwa yamegeuka. Yalikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Mama angetazama mara moja tu akajua. Mimi nilitazama nikachota mkononi, nikayamwaga, nikachota tena. Nikafuata mfongo kwenda juu, nikipita kwenye vihamba vya watu, nikiitikia salamu, hadi pale unapochepuka kutoka mtoni. Huko, kwenye mawe, majani mabichi yalikuwa yamenasa, majani ya miti ya msituni ambayo haiko huku kwetu. Kumbe kitu kilikuwa kimenyesha huko juu. Kiasi gani, sikujua. Wingu lilikuwa limekaa juu ya miti, limetulia, halipandi wala halishuki. Upepo uliotoka huko ulikuwa wa baridi.

Nilisimama hapo nikijaribu kumsikia mama. Wafiwa wengine husema wanasikia. Mimi nilisikia mto tu.

Nikampigia mwenzangu wa kazi. Alikuwa mpagazi wa mlimani kwa muda mrefu kabla hatujaanza hii ya kamba, na tumeshuka pamoja zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Alikuwa tayari yuko njiani na wageni.

"Leo hatuingii," nilimwambia.

"Kwa nini? Kumenyesha?"

"Nadhani."

"Unadhani?" Nilisikia gari likipunguza mwendo. "Dada, huku ni jua tupu. Simu inasema safi. Nitawaambia nini hawa watu?"

"Waambie mimi nimekataa. Walete hapa nyumbani nitaongea nao."

Walifika na nguo zao za maji tayari mwilini. Hilo ndilo lililoniumiza. Binti alishuka kwanza, akaliangalia anga, na kweli lilikuwa jeupe, hata mimi ningebishana na nafsi yangu.

"Shikamoo, dada," alisema. "Mbona jua linawaka?"

Nikamweleza habari za msitu, na majani, na rangi ya maji. Nilivyokuwa naeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana ndogo. Nilikuwa nampokonya siku yake ya mwisho na baba yake kwa sababu ya majani kwenye jiwe.

"Kwa hiyo mafuriko yatakuja?" aliuliza.

"Sijui."

"Na yasipokuja?"

"Yasipokuja, utakuwa umeikosa safari bure, na aliyekunyima ni mimi."

Alitembea hadi kwenye ngazi za mama, akakaa, akaanza kuvua viatu vya maji taratibu. Baba yake alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Nilidhani ni hasira. Alisema tu, "Sawa, mama. Wewe ndiye mwenye korongo," akaenda kukaa karibu na binti yake.

Nilifungua nyumba, nikafungua madirisha. Nikakata ule mkungu ulioanguka, nikamenya ndizi. Mama jirani akaleta maziwa na kipande cha nyama, na kwa kuwa nyumba yenye wageni haikai bila moshi, tukapika mtori. Yule mzee aliomba kisu akanisaidia kumenya, akimenya kwa ustadi kama anakata kitambaa. Binti alikula kidogo. Alipiga picha migomba, akampiga picha baba yake na bakuli, halafu akalala kwenye mkeka amefunika uso na kanga ya mama. Mchana wakaondoka. Aliniaga kwa heshima, kama mtu aliyelelewa vizuri, lakini hakunitazama machoni.

Nilibaki peke yangu na bakuli za kuosha. Saa za alasiri wingu likashuka, ngurumo zikasikika mbali huko juu, na matone machache makubwa yakapiga migomba kisha yakaacha. Nilichukua koti nikateremka hadi kule chini korongo linapofunguka, kwenye mawe bapa tunapokulia chakula tukimaliza. Mto ulikuwa umepanda. Lile jiwe tunaloweka mifuko lilikuwa chini ya maji, na maji yalikuwa ya kahawia, yana povu. Yalikuwa na nguvu. Lakini hayakuwa yale niliyoyaona zamani, yale ya kubeba daraja. Nilikaa hadi mwanga ukaanza kupungua, nikijaribu kukadiria. Pale korongo linapokuwa jembamba yangefika wapi? Kiunoni? Kifuani? Kama wakati ule tungekuwa kwenye poromoko kubwa, mzee yule akiwa katikati ya kamba, mikono inatetemeka? Au tungekuwa tumeshatoka, tunakula mayai na kucheka?

Hadi leo sijui. Anayeingia anajua kilichompata. Anayekataa hajui kitu, na hakuna wa kumshukuru wala wa kumsamehe.

Mwenzangu alipita kesho yake kuyaona yale maji. "Tungepita," aliniambia. Hakusema kwa ubaya. Lakini baada ya hapo alianza kusema ana safari nyingine, akapata kampuni ya kumpeleka mbugani, na siku aliponirudishia kamba zangu za akiba tulikunywa chai vizuri tukaagana vizuri. Sikumlaumu. Mtu ana watoto, hawezi kufanya kazi na mwanamke anayeahirisha safari jua likiwaka.

Nikahamia juu. Sikupanga; nilianza kwa kulala huko siku za mkesha wa safari, halafu nikaleta sufuria, halafu godoro. Pasua nilikuwa na kelele za majirani, muziki, watu wa kununua kwao vitunguu. Huku nina mfongo. Asubuhi nachuchumaa, natazama, natazama juu, nasikiliza. Siku nyingine napata jibu na siku nyingine sipati, na nisipolipata siendi. Wageni wengine wanaelewa. Wengine wanapiga simu kwa waongozaji wengine mbele yangu.

Mwaka mpya ulipoanza, kiangazi, yule mzee fundi alinipigia. Alikuwa Moshi, peke yake.

"Nataka kushuka," alisema.

"Na binti?"

"Yuko huko kwenye baridi yake. Anasema nguo nilizomshonea hazitoshi, kila mtu anamshangaa." Akacheka kidogo. "Mlima ukoje, mama?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu. Nikamwambia nitamwambia asubuhi.

Asubuhi maji yalikuwa meupe hadi unahesabu changarawe. Msitu ulikuwa umejifunua, kila mti na kivuli chake. Nikamwambia aje. Tulishuka wawili tu. Maporomoko madogo aliyapita kimya, akifuata nilichomwambia neno kwa neno. Tulipofika kwenye lile kubwa nilimfunga, nikamwonyesha filimbi ya kupiga akifika chini, maana sauti haisikiki. Akakaa ukingoni, miguu inaning'inia, hakuondoka.

"Siku ile ulipokataa," alisema, ikabidi niiname ili nimsikie, "nilifurahi. Unajua? Mtoto wangu alikuwa karibu kulia na mimi nilikuwa nafurahi moyoni. Nilimpeleka uwanja wa ndege nikiwa na furaha hiyo."

Nikakumbuka jinsi alivyonitazama uani. Nilikuwa nimekaa nayo miezi yote ile nikiamini ni hasira.

"Mimi nilidhani umenichukia," nilimwambia.

"Nikuchukie? Ulinifichia aibu ya woga wangu." Akaitazama kamba. "Ila hukujua, si ndiyo? Kama yatakuja."

"Sikujua."

"Alikuuliza ukasema hujui. Nililiwazia hilo sana. Mimi ningedanganya. Ningesema yanakuja, ili nisilaumiwe."

Nikakagua mkanda wake tena, ingawa nilikuwa nimeshaukagua. Akageuka, akanipa uso, akaegemea nyuma kama nilivyomfundisha, na mara akawa amezama kwenye maji, ikabaki kofia yake tu, kisha nayo ikapotea. Nilikuwa nalegeza kamba kidogokidogo, nikiusikia uzito wake mikononi. Juu yangu utepe wa anga ulikuwa bluu, na kwa mara ya kwanza tangu masika sikuuogopa.

Filimbi ilichelewa. Halafu ikalia, fupi, halafu tena, ndefu sana, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuacha kupuliza.

Nilipoteremka na kumfikia alikuwa amesimama majini hadi magotini, analia na kucheka, anajaribu kumpigia binti yake kwa simu aliyoitoa kwenye mfuko wa plastiki, na mtandao haupo. Nilimwambia mtandao unapatikana ukitoka korongoni. Akatikisa kichwa, akairudisha simu mfukoni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mikono ya fundi, baridi kama mawe, akaushikilia kitambo. Halafu akaniachia, akaanza kutembea kuelekea kwenye mwanga, nami nikabaki nyuma kidogo nikiivuta kamba.